Abellón, neno la bibi wa Kensington

Kwa miaka mitatu nilimwogesha na kumlisha bibi mmoja wa Kigalisia hapa Kensington, Afrika Kusini. Galisia ni pembe ya Hispania yenye lugha yake, na lugha hiyo alibaki nayo peke yake: mume alishakufa, watoto wanajua Kiingereza tu. Mimi nina miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili. Aliniita msichana.

Kila asubuhi nilimkalisha kibarazani, mbele ya lavenda. Nyuki mkubwa mweusi akipita anavuma, bibi ananyoosha kidole. "Abellón," anasema, na nisiporudia hafungui kinywa kwa uji. Mama yake alimlea hivyo, kijiko kwa neno. Asili ya neno hilo pia alinieleza. Warumi walimwita nyuki kwa jina la kumdekeza, kijinyuki. Jina likachakaa vinywani mwa watu hadi likawa abella, kisha wakulima wa kwao wakalikuza upya kwa ajili ya nyuki mnene mwenye manyoya. Nyuki huyo hayupo huku. Huyu wa hapa hutoboa mbao, na nguzo za kibaraza chake alikuwa anazimaliza. Sikumwambia.

Siku moja binti yangu alinifuata kazini. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kizulu: "Asambe, Mama." Tuondoke. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Msichana, lugha yako watoto wako wameshaitupa. Na wewe bado uko hai."

Nilimfuta mdomo, maana kazi naihitaji. Lakini maneno yale yalinichoma, na kinyongo najua kukifuga.

Miezi michache baadaye alipata kiharusi, maneno mengi yakampotea. Asubuhi moja nyuki alipita. Akanyoosha kidole, midomo ikahangaika, hakuna kilichotoka. Akanishika mkono.

"Lile la mama yangu," akasema taratibu. "Wewe unalo. Nipe."

Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi.

"Neno gani, Madamu? Hujawahi kunifundisha neno lolote."

Aliniamini. Machozi yakamtoka, nami niliona raha, sitadanganya.

"Basi nisamehe," akasema. "Nilidhani nimekuachia."

Aliishi wiki tatu zaidi. Kila asubuhi aliniomba radhi kwa kutonifundisha, na kila asubuhi nilimwambia nimemsamehe.