Mafuta ya Boti kwenye Maziwa ya Mama Mkwe

Hii stori mke wangu hataki niisimulie, na hata mimi sipendi kuisikia ikitoka mdomoni mwangu, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kule sokoni Sigowet ambako wameshaitia chumvi.

Mimi ni fundi wa matrekta. Mjaluo, ndiyo, lakini nimekaa huku kwenye majani chai mpaka nikaoa huku kwa Wakipsigis. Sasa binamu yangu Otieno ana boti ziwani, na injini yake ya nyuma, ile unainua na kushusha kwa kubonyeza swichi, ilikuwa ukiiinua inashuka yenyewe polepole. Akaniambia, "Si wewe unatengeneza haidroliki za trekta? Haidroliki ni haidroliki." Akaivuta boti na pikapu mpaka huku juu, tukaiweka kwa mama mkwe wangu, Mama Chebet, kwa sababu geti yangu ni nyembamba. (Majirani walikuja kuangalia boti imekaa katikati ya chai. Nilijiona mtu.)

Kazi yenyewe si ngumu. Unainua injini mpaka juu, unaitegemeza na gogo isikuangukie, unafungua kizibo, unatoa mafuta yote ya zamani, unaweka mapya, halafu unainua na kushusha huku ukiongeza mpaka povu liishe. Nilipofungua, mafuta yakatoka meupe kama maziwa, maana maji yalikuwa yameingia, na mafuta ya haidroliki yakichanganyika na maji huwa hivyo. Nikahitaji chombo. Debe langu kuukuu lilikuwa nyumbani, si mbali, lakini nikaona uvivu, nikachukua kijerikeni cheupe kilichoanikwa kwenye ua, nikakinga humo kama nusu lita, nikakiweka kando ya mlango wa jikoni nikisema nitakiosha nikimaliza. Basi injini ikainuka, ikabaki juu, na mimi kwa furaha nikasahau kabisa.

Jioni mama akakamua, akamimina humo humo (macho yake siku hizi si mazuri, na nyeupe ndani ya nyeupe hata mimi nisingeona). Akaniomba nimbebee mpaka kituo cha maziwa. Nikabeba, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Mjue kwamba mama ndiye mwenyekiti wa kile kituo. Ndiye alipigania sheria kwamba mtu akipatikana ameharibu maziwa anasimamishwa mwezi mzima, awe nani, kwa sababu jerikeni moja mbaya ikiingia kwa tangi, maziwa ya watu wote yanamwagwa.

Karani alifungua, akanusa, akafunga. Akafungua tena. Akamimina kidogo kwa kikombe, tukaona mafuta yakielea yaking'aa. Foleni yote ikasogea kuangalia.

"Mama, hii umeweka nini?" akauliza kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliniumiza.

Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema polepole, "Kumbe hata mwenyekiti."

Harufu ilinifikia, nikajua. Haki ya Mungu nilifungua mdomo, lakini nikaangalia wale watu wote ambao natengeneza matrekta yao, nikaufunga. Mama aliangalia mikono yangu, kucha zimejaa mafuta, halafu akamgeukia karani.

"Sikuosha jerikeni vizuri," akasema. "Andika jina langu."

Kwa Wakipsigis mkwe haaibishwi mbele za watu, na mimi, mwanaume mzima na ndevu zangu, nilijificha nyuma ya hiyo heshima. Alimwaga maziwa mwenyewe kwenye mtaro, akatangulia kwenda nyumbani. Nilimfuata nikiwa nimebeba jerikeni tupu, na sijawahi kubeba kitu kizito namna hiyo.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilienda kituoni, nikasimama mbele ya foleni nikasema ni mimi, nikaeleza boti, mafuta, kila kitu. Walicheka sana. Karani akafuta jina la mama, na mpaka leo kuna watu wananiita Daktari wa Ng'ombe. Nikarudi kwa mama, akanipa chai, akaniuliza kama boti imepona. Nikamwambia imepona. Hakuniuliza lingine.

Siku hizi nakinga mafuta kwa debe langu tu, hata nikiwa mbali nalifuata. Lakini kuna kitu bado kinaniuma. Kusema ukweli kulinichukua kama dakika moja hivi, na hiyo dakika nilikuwa nayo jioni ile, mama akiwa amesimama pale peke yake.