Marahaba Iliyochelewa Saa Tatu

Habari ya msiba ilinifikia kwa mstari mmoja, herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi: "Meku amefariki leo asubuhi nyumbani kwake Kibosho. Tunazika Jumamosi saa nane mchana. Poleni, na shikamooni." Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua kwa kulalamikia adabu za siku hizi, kwa hiyo mngetarajia niulize ni nani huyu anayetangaza kifo kwanza na kuamkia mwishoni. Sikuuliza. Nililia kidogo, kisha nikajikuta natabasamu, kwa kuwa mstari ule uliandikwa kama marehemu alivyotufundisha, na aliyeuandika nilimjua.

Meku ni mzee kwa Kichagga, na hilo ndilo jina tulilomwita wote. Ujanani alikuwa karani wa telegramu, enzi ambazo maneno kumi yalitosha kumrudisha mtu nyumbani kumzika baba yake. Alipostaafu alirudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba, akajitolea kuitunza kompyuta kuukuu ya zahanati ya kijiji. Mashine ile ilihema hata kwa picha moja. Akaiwekea programu ya kuongea kwa maandishi matupu, isiyo na picha, sauti wala vile vikatuni vya kucheka na kulia. Unaandika amri kwa mkono, unataja chumba unachotaka kuingia, unaandika mstari wako, unabonyeza, basi. Antena aliifunga mwenyewe juu ya paa, ikitazama Moshi mjini. Chumbani mwetu tulikuwa wachache: muuguzi wa zahanati, wanakamati wa mfereji wa kumwagilia mashamba, binti wa mapokezi katika hospitali moja ya mjini, na mimi niliyeingia kwa umbea tu. Nilipomwambia Meku kwamba dunia imeshaviacha vitu hivyo, aliitazama simu yangu kwa huruma. "Mwanangu, hiyo yako ina picha nyingi kama ukuta wa kinyozi," alisema. "Siku mvua ikinyesha utanipigia hadithi."

Sasa, sisi watu wa mlimani tuna ugonjwa wetu. Hatusemi jambo kabla salamu hazijaisha. Tutauliza hali ya baba, ya mama, ya ng'ombe, ya kahawa, ndipo tukumbuke tulichokijia. Mtandao wa Kibosho ulikuwa ukikatika tungali kwenye ng'ombe, na jambo lenyewe halifiki. Kwa hiyo Meku akaweka sheria: jambo kwanza, salamu baadaye. Baadhi ya wazee walinuna, wakasema amekuwa Mzungu. Mimi nami niliandika hapa hapa, kwenye safu hii, kwamba mtu asiyeanza na salamu ana haraka ya kwenda wapi. Leo nayameza maneno yale, na si matamu.

Ilikuja masika moja iliyotushika pabaya. Asubuhi moja mto ulibeba daraja, radi ikaupiga mnara wa simu, na simu zetu zote zikabaki saa za kutazamia majira. Zahanati ilikuwa na mama aliyejifungua alfajiri, damu haikomi, na muuguzi alikwisha kufanya yote aliyoweza. Meku aliketi kwenye kibodi. Antena yake ilikuwa bado inashika uzi mwembamba wa mtandao. Huko mjini binti wa mapokezi, alipoona jina la mzee limeingia, akawahi kuandika kama alivyolelewa: "Shikamoo Meku." Meku hakuitikia. Aliandika: "Mama mzazi anatokwa na damu nyingi. Daraja halipo. Leteni gari na damu ng'ambo yenu ya mto. Tunambeba sasa." Mstari ukapita, kisha uzi ukakatika. Wanaume walimlaza mama yule kwenye machela ya miti na blanketi, wakamteremsha kwenye utelezi, wakavuka sehemu ya juu ambako mto ni mwembamba. Walipofika ng'ambo, gari lilikuwa limesimama pale, mlango wazi. Nasema tena, lilikuwa limesimama pale, na mama akaishi, na mtoto akaishi. Saa tatu baadaye mtandao uliporudi, na habari njema zikiwa zimefika, skrini ya mapokezi ilionyesha neno moja kutoka kwa Meku: "Marahaba."

Wengine wangeishia hapo. Yeye hakuishia. Kutomwitikia aliyekuamkia ni kumkana, hata kama ni binti mdogo. Juma lililofuata alishuka mjini na jani la isale mkononi, lile ambalo kwetu ukilipokea huwezi tena kukataa kusamehe. Mzee wa miaka sabini na kitu akasimama kwenye dirisha la mapokezi, kofia kifuani. Binti aliniambia alitamani ardhi ipasuke. "Nikamwambia, Meku, mimi ndiye wa kukuomba msamaha. Akasema, pokea kwanza, tutabishana baadaye."

Jumamosi tulimzika kihambani kwake. Nilimkuta pale mama yule wa masika, ambaye mwanawe sasa yuko darasa la kwanza. Alipopona alikwenda kwa Meku kujifunza zile amri, na Meku alipodhoofika alimwachia kibodi na jina lake la chumbani. Ndiye aliyeandika ule mstari wa msiba. Nilimuuliza kama mkono haukusita kutangaza kabla ya kuamkia. "Ulisita, kaka," alisema. "Lakini angenigombeza."

Nimeandika kuhusu adabu kwa miaka mingi, na mwalimu wangu amekuwa mzee niliyemkejeli. Heshima ya kweli ni kumfikishia mtu jambo lake wakati bado linamfaa, halafu kurudi, hata kwa miguu, kulipia salamu uliyoiruka. Jioni baada ya mazishi nilifungua ile skrini nyeusi. Binti wa mapokezi alikuwa ameandika, nadhani kwa kuaga tu, bila kungoja kitu: "Shikamoo Meku." Mara jina la mzee likatokea, likiandikwa na mikono aliyoiokoa, na safari hii jibu halikuchelewa.

"Marahaba."