Mchuzi Uliobaki Kwenye Jagi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, kamera sita zinamkodolea macho Clothilde Arceneaux, na yeye wala hana habari nazo. Kainamia sufuria ya chuma, kaitegea sikio. Anasikiliza unga.

Ndiyo, anausikiliza. Unga unakaangika kwenye mafuta pole pole, mwiko hausimami hata kidogo. Mwanzoni unalia kama mvua iliyo mbali, halafu unanyamaza. Ukinyamaza tu, Clothilde anajua rangi imeiva, nyeusi karibu na chokoleti. Hapo hapo anatupia kitunguu, pilipili hoho na seleri kwa mpigo mmoja. Hajachungulia sufuriani hata mara moja! Mafundi taa, watu walioona wapishi mpaka wakachoka, wameacha kutafuna.

“Ukigeuka kupiga chafya tu, umeunguza,” anasema bila kuinua kichwa. “Unga huu una wivu kumshinda mume wangu wa kwanza.”

Clothilde ana miaka arobaini na mitatu. Mzaliwa wa Breaux Bridge, kule Louisiana, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa shefu msaidizi kwenye hoteli moja ya Lafayette. Anasimama saa kumi na mbili kwa siku, dola ishirini na moja kwa saa. Mikono yake ina makovu ya moto toka vidoleni mpaka kwenye viwiko. Mashefu wakuu wamekuja watatu, wamekwenda watatu.

“Wote mimi ndiye niliyewaonyesha chumvi inakaa wapi,” anasema.

Sasa yuko New Orleans, kwenye fainali ya shindano la mapishi la televisheni. Walianza wapishi kumi na wawili, wote wa kazi, hakuna wa kubahatisha. Wamebaki wawili. Mshindi anapewa mgahawa wenye jina lake mlangoni, mwaka mzima bila kulipa pango. Clothilde hajawahi kuona jina lake limeandikwa popote jikoni, isipokuwa kwenye ratiba ya zamu.

Mpinzani wake ni Thaddeus Boutte wa Baton Rouge, jitu la watu lenye mdomo usiolala.

“Mama wa hoteli!” anamrushia toka jiko la pili. “Leo hakuna mayai ya bufee ya asubuhi?”

“We kaka, mwangalie kaa wako, anatafuta mlango.”

“Anakukimbia wewe!”

Wanacheka wote wawili, lakini visu havipumziki. Zimebaki dakika nne.

Na dakika nne hizo, we acha tu. Clothilde anageuza vipande vitatu vya samaki kwa vidole vitupu, ngozi inapasuka kama karatasi. Anabonyeza wali wa kaa kwa mgongo wa kijiko, anaweka samaki juu, anafuta ukingo wa sahani. Mchuzi wa ule unga anauchuja kwenye jagi dogo, mweusi, unang'aa. Sahani tatu kwa majaji watatu. Zimebaki sekunde nane.

Basi anaweka jagi pembeni ya sahani, anapaza sauti, “Chukua!” Halafu anageuka na kuanza kufuta meza.

Pale hotelini ndivyo ilivyo. Mchuzi hauguswi jikoni, kwa sababu wali utalowana njiani. Shefu anaita, mhudumu anabeba, anamimina mezani mbele ya mgeni. Miaka kumi na tisa, kila usiku.

Ila hapa hakuna mhudumu.

“Clo! Mchuzi!” Aliyepiga kelele ni Boutte, mpinzani mwenyewe. Clothilde anageuka, mkono unafika kwenye jagi, na kengele inalia.

Sheria ni moja: kisichokuwa kwenye sahani hakipo.

Jaji mkuu ni mzee Alcide Robichaux, aliyepika kwa miaka hamsini na mbili. Anaitazama sahani kavu.

“Mchuzi uko wapi, mama?”

“Kwenye jagi, shefu.”

“Na jagi linafanya nini kule?”

“Linamsubiri mhudumu.”

Ukumbi mzima unaangua kicheko. Clothilde naye anacheka, kisha anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

Boutte anapata alama ishirini na saba. Clothilde, ishirini na sita.

Taa kubwa zinazimwa, kamera zinafunikwa. Hapo ndipo mzee Robichaux anapolifuata lile jagi. Anamimina mchuzi juu ya wali uliopoa, anakula kwa kusimama. Anakula mpaka sahani inakuwa nyeupe. Halafu anatafuta kiti.

“Sijui kafanyaje,” anasema. “Nimezeeka jikoni, na sijui kafanyaje.”

Baada ya hapo ni foleni. Mafundi taa, dada wa kupaka poda, dereva wa lori la vifaa, kila mtu na kipande cha mkate mkononi, wanafuta sufuria. Boutte yuko kwenye foleni pia, kombe la ushindi kalibana kwapani.

“Dada, kombe hili nimepewa kwa sababu jagi halina miguu,” anamwambia. “Ungemimina, saa hizi ningekuwa barabarani narudi kwetu.”

“Kula mkate wako, kaka.”

Wiki tatu zimepita. Clothilde amerudi hotelini, na tayari ameshaandika barua ya kuacha kazi. Kapata kilichokuwa kibanda cha kinyozi pale Breaux Bridge, chumba kimoja, kinaingia meza sita. Pango atalipa mwenyewe. Anataka kufungua kabla ya Kwaresima, na fundi wa mabango keshaulizwa bei ya herufi za jina lake.

Na wahudumu ataajiri wangapi?

“Hata mmoja,” anasema. “Nitatoka mwenyewe jikoni na aproni yangu chafu, nimimine mwenyewe, nisimame pale pale nimwone mtu usoni anavyomeza. Miaka kumi na tisa nimepikia watu, sijawahi kumwona hata mmoja akila.”