Nusu ya Doti

Kila mwaka mzee mmoja mwenye suti hupanda jukwaani, akasafisha koo, akatutangazia kwamba katika kudai uhuru "akina mama nao walishiriki." Nao! Kama majirani waliopita njia wakakaribishwa chai. Siku hizo mimi hukalishwa mstari wa mbele, maana uzee una faida zake, nikamkodolea macho mpaka anapoteza ukurasa wa hotuba yake. Baba yake namkumbuka vizuri. Kila palipotangazwa mkutano, baba yake alishikwa na homa.

Wanaume wa aina hiyo Temeke walikuwa tele, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani wa serikali. Makarani walikatazwa siasa, naye aliitii amri hiyo kwa bidii ambayo hata Mzungu wake hakumtuma. Ikisikika tu sauti ya mpiga mbiu mtaani, baba alifunga madirisha, joto lote lile, akakaa ndani akitoka jasho.

Mama yeye alikuwa na lelemama. Kwa nje ilikuwa ngoma ya wanawake, wamevaa sare, wamejipanga mstari, wanacheza harusini. Kwa ndani ilikuwa zaidi ya hapo. Wanawake wa chama walipikiana, waliuguzana, waliwaosha maiti wao na kuliliana. Ukiwa mwanachama hukosi watu siku ya furaha wala ya msiba. Usipokuwa mwanachama, shauri yako.

Na kwa kuwa tulitawaliwa na Waingereza, wanawake wale walijigawia vyeo vya Kiingereza. Palikuwa na Ledi Gavana. Palikuwa na Daktari ambaye hakujua hata kufunga kidonda. Juu ya wote palikuwa na Kwini, mwanamke mnene mwenye nyumba za kupangisha, ambaye hakukaa chini hata siku moja. Popote alipokwenda kiti chake kilitangulia, na wenzake wote wakakaa jamvini miguuni pake. Mama alikuwa Jaji. Kazi yake ilikuwa kuamua nani kamsengenya nani, na kazi hiyo haikumpa mapumziko.

Chumba kilichotazamana na chetu alipanga mwanamke wa Kimakonde na mume wake, kuli wa bandarini. Mwanamke yule alikuwa na chale uso mzima, na kwenye mdomo wa juu alikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kupamba mdomo, ingawa ndonya yenyewe alikwisha kuivua alipokuja mjini. Alikuwa Mwislamu kama sisi. Lakini wanawake wa lelemama waliutazama uso ule wakaona hata sala zake hazijaiva. Walimwita "yule wa porini." Ukiwachimba kidogo tu wao wenyewe, bibi zao walitoka huko huko kusini, tena kwa miguu, ila hilo halikusemwa mbele ya watu.

Kabla hajamaliza mwaka, kitoto chake cha kike kilikufa kwa degedege. Mama alipita nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake. Huyu alikuwa na nguo za kufua, yule alikuwa na kichwa kinamgonga. Kwini alisema asiye wa chama hana madai kwa chama. Basi kitoto kile kilioshwa na wanawake wawili, mama yake na mama yangu, na mimi nikashika kata ya maji. Nilikuwa msichana mdogo, lakini hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo, na wala sina mpango wa kuiacha.

"Dada," yule mwanamke alimwambia mama baadaye, wamekaa uani, "mie sitaki ngoma. Sina hata miguu ya kuchezea. Ninachotaka, nikifiwa tena, nisilie peke yangu."

Mama akamchukua hadi kwa Kwini, nami nikafuata nyuma. Tulimkuta kitini barazani. Mwanamke wa Kimakonde akapiga magoti. "Shikamoo, mama." Kwini hakuitikia. Alimgeukia mama.

"Jaji, tucheze na uso huo mbele za watu? Watasema tumeleta sinema."

"Watasema tumeleta mwenzetu," mama akasema.

"Akae kwanza mjini, ajifunze ustaarabu."

Ustaarabu! Mtu anayeiacha shikamoo ya mwenzake ikielea hewani, ndiye mwalimu wa ustaarabu. Tulirudi nyumbani.

Muda si mrefu wakaja wanaume wa siasa. Walikuja na kofia mikononi, wapole kweli kweli, kwa sababu mikutano yao ilikuwa mitupu na waliokuwa na homa walizidi kuongezeka. Waliomba lelemama icheze kwenye mkutano wa Mtoni ili watu wajae. Walieleza kwamba wanadai nchi ambayo watu wote watakuwa sawa. Kwini aliwasikiliza kwa furaha, akasema hata yeye usawa anaupenda sana, kisha akaagiza kiti chake kipelekwe uwanjani mapema.

Sare ilikuwa kanga nyekundu, mpya kabisa. Mwenye duka alikatazwa kumuuzia yeyote asiye wa chama, na sheria ilijulikana: asiye na sare haingii mstarini. Mwanamke wa Kimakonde alikwenda dukani na akiba yake, akarudi mikono mitupu. Alipita ukumbini bila kututazama, akajifungia chumbani kwake.

Kanga hutoka dukani ikiwa doti, vipande viwili vimeungana, ukaikata mwenyewe na kuipinda. Kipande kimoja ni cha kujifunga, kingine cha kujitanda. Mwanamke anayejiheshimu hagawi doti mpya. Nusu ni nguo ya jikoni. Mama aliitandaza yake ukumbini, akaniambia nishike ncha, akakata katikati. Nilidhani anakwenda kupinda. Badala yake alichukua kipande kimoja akagonga mlango wa pili.

"Vaa hii. Kesho tunakwenda wote."

"Na wewe, dada?"

"Mie ninayo yangu."

Baba alikuwa pembeni akipiga pasi suruali yake ya kazini. "Utatoka na nusu sare mbele ya watu? Wewe, mke wa karani?"

"Karani abaki apige pasi," mama akasema. "Mie naenda."

Kesho yake walifika Mtoni wamejifunga kila mmoja kipande chake cha sare, na juu wamejitanda kanga kuukuu za nyumbani. Kwini aliinuka kitini, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Tokeni mstarini, nyote wawili. Mnaniaibisha."

"Uliniapisha ujaji wewe mwenyewe," mama akamjibu, "basi leo naamua. Wanaume wale wanataka kumwambia Mzungu kwamba sie ni watu kama yeye. Na sie tumemfungia mwenzetu mlango kwa sababu ya uso wake. Asipocheza huyu, mie sichezi, na ujaji wako nakurudishia."

Wa kwanza kusogea alikuwa Daktari, yule yule asiyejua kufunga kidonda. Alijitandua kanga yake ya juu, akaenda pembeni ya uwanja alikosimama mwanamke mmoja muuza pombe wa mtaani kwetu, naye asiye wa chama, akamtanda na kumvuta mstarini. Wa pili akafuata, na wa tatu. Si wote. Ledi Gavana alizikumbatia kanga zake mbili kwa nguvu, kana kwamba amezungukwa na wezi.

Kwini aliwatazama wapiga ngoma waliokuwa wakimsubiri, akawatazama askari waliokuwa wakituangalia kutoka kwenye gari lao, akakaa. Ngoma ikaanza. Mwanamke wa Kimakonde alikuwa amesema kweli kuhusu miguu yake. Alimkanyaga mama vidole kutwa nzima. Wanaume walisema uwanja umependeza. Hawakuuliza kwa nini sare zilikuwa nusu nusu, walikuwa na hotuba zao za kuwaza.

Kwini hakuomba radhi kwa mtu. Ila hakumtoa tena mtu mstarini.

Mvua za masika zilipoanza, yule kuli aliangukiwa na mzigo kazini akafa. Kabla ya jua kupanda nyumba yetu ilikuwa imejaa wanawake, wameleta sufuria na kuni, wengi wao wana kanga nyekundu ya kipande kimoja. Mjane alikuwa katikati yao na kilio kilisikika mpaka barabarani.

Kwini alifika mwisho. Alisimama mlangoni akingoja kiti. Nyumba ya kuli haina viti. Kiti kilikuwepo chumbani kwetu, cha baba, nikataka kuinuka nikilete, lakini mama alinipiga jicho nikabaki pale pale. Kwini akaendelea kusimama, na hakuna aliyejishughulisha naye.

Mjane akainua uso, chale zote zimelowa. Alisogea kidogo jamvini, akamwachia nafasi.

Kwini akavua viatu, akakaa chini, akalia naye.