Kasa wa Kapsoya

Kavetsa alikuwa karani wa Daktari Byron kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka hiyo yote hakuna mradi uliowahi kumdhuru mnyama hata mmoja. Barabara, machimbo ya kokoto, mitaro ya maji taka, vyote vilipitia ofisi yao ya ghorofa ya tatu mjini Eldoret vikatoka vikiwa safi kama pamba. Daktari alikuwa mtaalamu wa mazingira, na utaalamu wake aliufanyia ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kwa sababu majani yalimletea chafya.

Safari hii mkandarasi mmoja, Bwana Kiptoo, alipewa kazi mbili kwa mpigo: kuzoa dampo la zamani kando ya kinamasi kilicho nyuma ya mtaa wa Kapsoya, kisha kupitisha barabara katikati ya kinamasi chenyewe. Sheria ilidai kwanza ripoti ya kueleza wanyama na ndege wa pale wataathirika vipi. Daktari alikizunguka kinamasi dakika kumi, akarudi.

"Kavetsa, chukua ile ripoti ya hoteli ya ufuoni Malindi. Penye Malindi weka Kapsoya. Saa nane iwe imechapishwa."

"Na wanyama, Daktari?"

"Wanyama ni wanyama."

Alipofika ukurasa wa arobaini, Kavetsa alisita, akarudi mlangoni kwa mkubwa wake. "Hapa tumesema kasa wanataga mayai kwenye ufuo wa Kapsoya. Kasa si ni kobe wa baharini?"

"Wewe umesomea wanyama?"

"Hapana."

"Basi piga chapa."

Angeweza kuwafuta kimyakimya. Makosa ya Daktari alikuwa ameyafuta miaka yote hiyo bila kuambiwa ahsante. Siku hiyo alichoka, akawaacha kasa na mayai yao.

Kwenye mkutano wa wananchi, katika ukumbi wa kanisa, Mama Benta, aliyelima sukuma wiki kando ya kinamasi, alisimama. "Wale korongo wenye taji kichwani wataenda wapi?"

Daktari alifunua kurasa. "Mama, korongo hawamo kwenye ripoti. Lakini usiwe na wasiwasi, kasa wote watalindwa."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kama hao kasa wanakula sukuma wiki. Daktari akajibu kwamba jambo hilo litachunguzwa, na Kavetsa, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, akainamisha kichwa asionekane anacheka.

Ripoti ikaenda kwa afisa wa leseni, ambaye Kapsoya hakuwahi kuikanyaga lakini alisoma kila neno. Kasa wanalindwa kisheria! Akaidhinisha mradi kwa masharti: mashine zisikaribie maji mpaka msimu wa kutaga uishe, dampo lizolewe kwa mikono, na msimamizi wa kasa awepo pale kila siku na daftari.

Kiptoo alipanda ngazi akihema. "Daktari, watoe hao kobe!"

"Nikiwatoa, nimekiri ripoti ni ya uongo. Leseni yako inaenda, na yangu inaifuata."

Basi kasa wakabaki, na Kavetsa akapewa gambuti na daftari.

Wiki ya kwanza aliona aibu, mwanamke mtu mzima kusimama matopeni akihesabu wanyama ambao hawapo. Kisha Mama Benta akamshika mkono, akampeleka taratibu mpaka kwenye mafunjo. Kwenye rundo la majani makavu palikuwa na mayai matatu, na kando yake korongo wawili, taji zao za dhahabu zikipepea, wakimtazama kama mgeni asiyebisha hodi. Kavetsa alikumbuka ni mara ngapi vidole vyake viliandika "hakuna wanyama wa maana," kisha akafungua daftari.

Tangu hapo daftari lilisomeka hivi: "Kasa: hakuna. Korongo: wawili, mayai matatu." Baadaye: "Kasa: hakuna. Vifaranga: wawili." Vibarua walizoa dampo kwa toroli, huku tingatinga za Kiptoo zikilala chini ya turubai. Kwa kukosa la kufanya, Kiptoo alitembea kwa miguu upande wa juu wa kinamasi. Akagundua kwamba pale ni pakavu, na barabara ingekuwa fupi kuliko ile ya kwenye ramani. Akaomba ibadilishwe, na ikabadilishwa.

Chama cha wataalamu kikamtunuku Daktari Byron ngao ya kuokoa kasa wa nyanda za juu. Siku ya sherehe Kavetsa alitakiwa hotelini kupiga picha, lakini asubuhi hiyo vifaranga walikuwa wanajaribu kuruka. Mmoja alipaa, akayumba, akatua katikati ya sukuma wiki za Mama Benta. Wanawake hao wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Simu ikalia. "Kavetsa, hotuba yangu iko wapi?"

"Juu ya meza, Daktari. Nimeandika ukweli wote kuhusu kasa."

Akazima simu, maana kifaranga wa pili alikuwa ameanza kukunjua mabawa.