Hodi Tatu Kwenye Jumba la Misukule

Sisi tuliokulia Nyahanga, pale Kahama, kabla simu hazijaingia kwenye mfuko wa kila mtoto, gemu tulikuwa tunaliendea kwa miguu. Unaosha vyombo, unachota maji, unahakikisha mama amekuona na daftari mkononi, halafu unapotelea nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga mpaka kwenye kibanda cha Baba Limi. Leo mtoto anacheza amelala chali, mguu mmoja ukutani, na bado analalamika kwamba amechoka. Sisi tulibanana kumi na wawili kwenye benchi la watu wanne, vumbi la pumba likituingia puani, na tulipofukuzwa jioni tuliona tumeonewa.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, na joto lake lingeweza kukausha michembe ya viazi. Mbele palikaa TV ya chogo ambayo haikuwaka mpaka ipigwe kofi la ubavuni. Chini yake kulikuwa na mashine tuliyoiita Kijivu kwa sababu ya rangi yake. Mfuniko wake ulikuwa umekufa, kwa hiyo Baba Limi aliukandamiza kwa kipande cha tofali ndipo CD ikubali kuzunguka. Gemu letu kubwa lilikuwa la mtu anayeingia kwenye jumba la mawe kando ya ziwa, ndani kumejaa wafu wanaotembea. Jina lake lilishafutika kwenye CD. Sisi tuliliita Jumba la Misukule, maana kwetu mtu aliyezikwa kisha akaonekana anatembea hana jina lingine.

Mimi ni Doto. Pacha wangu Kulwa alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache, akazigeuza kuwa cheo. Yeye ndiye aliyeshika pedi. Mimi nilikuwa msomaji wa Kiingereza, kazi niliyopewa kwa sababu mwalimu aliwahi kunisifu mara moja darasa la tano. Sheria ya kibanda ilikuwa moja tu: zamu yako inaisha ukifa. Kwa hiyo tulicheza kwa woga wa kweli, tukinyata pembeni ya kuta, na tukiona kivuli tunarudi tulikotoka.

Kilichotutisha zaidi ni milango. Kila ulipotaka kuingia chumba kingine, kioo kiligeuka cheusi, ukatokea mlango peke yake, kitasa kikazunguka, bawaba zikalia, mlango ukafunguka polepole mno. Baadaye tulikuja kuambiwa kwamba Kijivu ilikuwa inakitafuta chumba kinachofuata kwenye CD. Wakati huo tulidhani mlango ni mzito.

Mama Limi, mke wa mwenye kibanda, alikuwa anauza matobolwa pale mlangoni, vile viazi vikavu vilivyochemshwa. TV alikuwa haitazami, alisikia makelele yetu tu. Siku moja akageuka.

"Bebe, wewe Kulwa," akasema, "mnaingiaje nyumba za watu bila hodi? Ndiyo maana wanawang'ata."

Kibanda kizima kilicheka isipokuwa Kulwa. Kwenye mlango uliofuata akasema kwa adabu kabisa, kama anaingia kwa paroko, "Hodi!"

"Tatu," Mama Limi akamsahihisha. "Mwenye nyumba akikaa kimya mara zote tatu, unageuza, unarudi kwenu. Na mtu aitikie huko ndani, jamani."

Wote wakanigeukia, maana nilikuwa msichana pekee na sauti yangu ndiyo ilikaribia ya mama mwenye nyumba. Kulwa akapiga hodi tatu, nikaitikia, "Karibu." Mlango ukafunguka. Ndani hapakuwa na msukule hata mmoja, ila mshumaa tu juu ya meza.

Kuanzia hapo ikawa sheria. Muda wa mlango wa Kijivu ulitosha hodi tatu na karibu moja, bila kupungua wala kuzidi. Kaka mmoja wa sekondari alikuja siku moja, akatucheka, akaingia kimyakimya. Aling'atwa shingo kabla hajapiga hatua mbili, na sisi hatukuhitaji ushahidi mwingine.

Mishumaa ya namna ile ilikuwa kila mahali jumbani, nayo tulikuwa na utaratibu wake. Ukiukaribia mmoja, linatokea swali la Kiingereza, refu. Nililisoma kwa sauti, neno moja moja, sikulielewa, na Kulwa akaamua kwamba swali refu la Kiingereza jibu lake salama ni hapana. Kwa hiyo, kwa kuwa tulikuwa watoto wa Kikatoliki na mshumaa kwetu ni kitu cha heshima, tulifanya ishara ya msalaba, tukabonyeza hapana, tukaendelea. Karibu mwaka mzima tulianza jumba upya kila siku, na hakuna mtoto wa Nyahanga aliyewahi kuvuka ngazi za kwenda chini ya ardhi.

Mama yetu alikuwa na maneno yake. "Misukule mnaifuata kwa miguu yenu wenyewe? Ikiwafuata kitandani msiniite." Ilitufuata, na tulimwita.

Tulipomaliza darasa la saba, Kulwa akachaguliwa kwenda seminari, upande wa Ushirombo. Mimi ningebaki kusoma hapahapa mjini. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kulala nyumba tofauti, na hakuna aliyetaka kulizungumza jambo hilo. Siku moja tu, tukiwa na ndoo kisimani, alisema, "Doto, siondoki kabla hatujaona mwisho wa Jumba." Nikamjibu sawa. Nilielewa kwamba tulikuwa tumeshaliongea.

Desemba tukaenda kumsalimia Mjomba Maduhu, aliyekuwa anafanya kazi mgodini Bugarama. Sebuleni kwake tukakuta mashine mpya, nyembamba, nyeusi tii. Na juu yake, nisiamini macho yangu, CD yenye picha ya jumba kando ya ziwa.

Nawaambia, lilikuwa gemu lile lile na halikuwa lile. Kwenye Kijivu damu ilikuwa ya kijani kwa sababu TV ya Baba Limi haikuijua nyekundu. Kwenye Nyeusi ilikuwa damu hasa, na Kulwa siku mbili hakugusa mchuzi wa nyanya. Ukumbini kwenye Kijivu kulikuwa na jitu refu limesimama, tukilipita mbio mwaka mzima. Nyeusi ikatuonyesha kwamba ni koti limetundikwa. Spika ya Baba Limi ilikuwa imechanika, kila hatua ya msukule ililia kama mchi kwenye kinu. Kwa mjomba ulisikia mpaka mvua inayonyesha kwenye paa la jumba, na Aunti Neema, mke wa mjomba, alitoka mbio kwenda kuanua mahindi wakati jua linawaka.

Lakini milango! Kwenye Nyeusi ilikuwa kufumba na kufumbua, umeshaingia. Kulwa alisema "Ho—" na akawa ameng'atwa.

Tukagombana. Mimi nikasema la kweli ni la Kijivu, hili la mjomba limeharibiwa na watu wenye haraka zao. Kulwa akasema Kijivu ni kopo, hapa angalau unamwona anayekuua. Tulimpelekea mjomba kesi. Akasema, "Gemu ni lile lile, nyie watoto," na wote wawili tukamnunia.

Aunti Neema ndiye aliyetufumbua macho. Alituona mbele ya mshumaa tunafanya ishara ya msalaba na kubonyeza hapana, akauliza, "Sasa mbona mnakataa kusevu?" Kumbe swali lilikuwa linauliza kama tunataka safari yetu itunzwe, ili kesho tuanzie hapo. Na kumbe inatunzwa kwenye kikadi kidogo, ambacho Kijivu ya Baba Limi haikuwahi kuwa nacho. Kulwa alinitazama mimi msomaji wa Kiingereza. Nami nilimtazama yeye, bingwa wa majibu salama. Tulicheka mpaka aunti akadhani tumepatwa na kitu.

Kwa siku tatu tulishuka ngazi, tukavuka mfereji wa maji machafu, tukafika mlango wa mwisho, wa chuma, mkubwa kuliko yote. Kulwa akausogelea mshumaa wa hapo, akakubali kusevu, kisha akaweka pedi chini.

"Siyo hapa," akasema. "Hapa hakuna hodi."

Hakusema kwamba nimeshinda ule ubishi, na mimi sikumlazimisha. Alimwomba mjomba kile kikadi, akakibeba kwenye mfuko wa shati, mkono juu yake kama mtu anayeumwa moyo, mpaka Kahama.

Hakikuingia. Baba Limi alikigeuza, akakipuliza, akakifuta kwa shati. Tundu la Kijivu lilikuwa la umbo lingine kabisa. Kesho yake asubuhi ilikuwa Kulwa aondoke, na niliona kidevu chake kinaanza kutetemeka mbele za watu. Baba Limi akakohoa. "Basi anzeni mwanzo," akasema. "Leo hakuna zamu ya mtu mwingine. Hata mkifa."

Siku ile sitaisahau. Njia tuliijua, kwa hiyo Kulwa hakunyata tena, alitembea kama mwenye mali. Kila mlango benchi zima lilipiga hodi naye, mimi nikaitikia. Wanawake waliokuwa wanasubiri mpunga wao kule mashineni walianza kuitikia na wao, "Karibuniii!" bila kujua wanamkaribisha nani. Kwenye saa kumi mama akatokea na fimbo. Alisimama mlangoni, akatazama kidogo, akatazama tena, akakaa juu ya dumu la Mama Limi. Msukule ulipotoka nyuma ya kabati, akapiga kelele, "Kulwa, nyuma yako, mwanangu!" Akamtonya mpaka chini ya ardhi, fimbo ikawa ya kuonyeshea.

Tukafika mlango wa chuma. Hodi tatu, kibanda kizima. Nikaitikia kwa sauti yangu yote. Mlango ukafunguka taratibu, likatokea dude lenye mikono minne, na hapo Kulwa akagundua kwamba kwa mbwembwe zake amebakiwa na risasi mbili. Halikuchukua hata dakika kummaliza. Kisha Mama Limi akaanza kucheka, mama akafuata, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusimama. Giza lilishaingia, muda wa kuanza upya haukuwepo, na mwisho wa Jumba hatukuuona.

Kesho yake kumepambazuka nikasikia hatua zake nje ya chumba changu, na sanduku likiwekwa chini. "Hodi," akasema. Nilikuwa macho. Nilijua nikiitikia mlango utafunguka, ataingia kuniaga, na itakuwa kweli. "Hodi." Nikavuta shuka mdomoni. "Hodi, Doto." Sheria tuliijua sote wawili. Mara zote tatu nilikaa kimya, naye akageuza. Nilijuta kabla hajafika barabarani.

Likizo alirudi, bila shaka, lakini Kijivu ilikuwa imeshakufa lenzi ya kusomea CD, na kibanda kikaanza kuuza makava ya simu. Upadri haukumwita hadi mwisho. Akaoa, akapata kazi Mwadui, tukazeeka kidogo kila mtu kivyake. Ile asubuhi hatukuwahi kuitaja.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake. Binti yake Kabula, wa miaka kumi na mbili, alikuwa amelala chali sebuleni, mguu ukutani, anacheza Jumba la Misukule. Limetoka upya, picha safi mpaka unahesabu meno ya msukule. Milango hakuna kabisa, unapita tu. Na mtoto hana hofu hata kidogo, kwa sababu kila kitu ameshakitazama kwenye simu. "Shangazi, nikuonyeshe mwisho?" akaniuliza. Mimi na baba yake tulipiga kelele kwa pamoja, "Hapana!" mpaka pedi ikamdondoka.

Ikabidi tumweleze. Alitusikiliza kama anayesikiliza wagonjwa, halafu akasema kuna mahali pa kuchagua milango ya zamani, ila yeye haoni faida ya kukaa unasubiri. Akatuwekea. Ukatokea mlango ule ule, kitasa kile kile, bawaba zikalia. Nyie, nilisikia harufu ya pumba. Tulicheza tangu chakula cha mchana, watu wazima wawili wenye madeni na miwani, Kulwa akipiga hodi, mimi nikiitikia, Kabula akitucheka mpaka mlango wa tano, na kuanzia wa sita akapiga hodi pamoja na baba yake.

Watoto wa sasa wamepewa kila kitu kikiwa wazi, na siwalaumu, mlango hawakuufungua wao. Sisi mashine yetu ilikuwa mbovu, na ubovu wake ulitupa nafasi ya kusema neno kabla ya kuingia. Ile nafasi ndiyo ninayoikumbuka kuliko gemu lenyewe.

Tulipofika mlango wa chuma, Kulwa alikuwa na risasi kumi na tisa, nilizihesabu mwenyewe. Alishusha pedi magotini. Hakuwa anatazama TV.

"Hodi," akasema. Kabula akafungua mdomo apige naye, akatutazama, akanyamaza. "Hodi." "Hodi, Doto."

"Karibu," nikasema. "Karibu, kaka. Ingia."