Ukuta wa Mume Wangu

Mume wangu alipomaliza nyumba yetu ya matofali pale Madungu, Pemba, alimwita mama yake aje kuitazama. Mkwe wangu aliukagua ule ukuta mtupu wa saruji, akauliza, "Mwanangu, umejenga nyumba au bohari la karafuu?"

Maneno hayo yalimchoma. Wiki ile ile akapaka rangi madebe ya mafuta, akayapanga chini ya ukuta na kupanda maua ya kutambaa. Lakini aliyamwagilia pale tu majirani walipokuwa wakipita, basi yakakauka yote. Mkwe wangu akachomeka mtambuu, ule mmea wa majani ya kutafuna, kwenye madebe yale. Ulitambaa ukaufunika ukuta kwa majani mapana yanayong'aa.

"Tambuu si pambo!" mume wangu alifoka. Hakuung'oa, kwa sababu mkuu wake wa kazi alikuwa anakuja kutoka Unguja, na ukuta ungebaki mtupu.

Mgeni alipofika, nilimsikia mume wangu akimwambia, "Hili ni ua la kutoka ng'ambo, mzee. Nimeletewa."

Mgeni alichuma jani, akalinusa, kisha akamgeukia mkwe wangu. "Bi mkubwa, popoo na chokaa vipo?"

Wakakaa barazani wakitafuna na kucheka, huku mume wangu amesimama na sinia ya sharubati isiyotakiwa. Mimi nilikimbilia jikoni, nikajiziba mdomo kwa kanga.

Tokea hapo, kila mkuu yule akija Pemba, humuuliza mume wangu jambo moja tu: kama mama yupo nyumbani.